Tope la Masalani, Ukuta wa Kipini



Likitajwa jambo la bahari kupanda, wengi wetu wa Ijara huliona ni la watu wa Lamu na Mombasa. Mimi nasema ni letu pia. Maji haya mekundu ya mto Tana yanayopita hapa Masalani yanateremka hadi baharini Kipini, na udongo yanaoubeba ndio ulioijenga delta. Juu ya udongo huo imesimama mikoko.

Watu wa pwani wanaitambua kwa majina: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana, msikundazi. Mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi na kunasa tope, na tope likijikusanya mwaka baada ya mwaka, ardhi inainuka. Bahari za dunia sasa zinapanda takriban milimita 4 kwa mwaka. Tope likifika la kutosha, msitu unaweza kupanda pamoja nazo. Sijaona ukuta wa saruji unaojiongezea kimo.

Lakini tope linazuiwa njiani. Tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, mto huu umewekewa mabwawa makubwa matano ya umeme. Udongo mwingi wa nyanda za juu hutuama humo, hasa Masinga, lililoanza kazi mwaka 1981. Maji yakishatoka bwawani yakiwa mepesi, huanza kula kingo za huku chini. Nayo mafuriko ya misimu ya mvua, gu na deyr, yaliyokuwa yakiisambazia delta tope na maji matamu kwa msimu, hayaji tena kama zamani.

Nendeni Ozi, kijiji cha delta, mkaone. Wakulima wa huko walilima mpunga kwa maarifa ninayoyastaajabia mpaka leo: bahari ikijaa bamvua, inayasukuma maji ya mto nyuma, na maji matamu yanapanda yenyewe mashambani bila pampu wala mafuta. Mto ukidhoofika, kinachopanda ni chumvi. Mpunga unaungua, miembe inakauka ikiwa imesimama, na familia inahama shamba la babu. Na wafugaji wetu wanaopeleka ng'ombe delta wakati wa kiangazi cha jilaal wanategemea nyasi za bonde hilo hilo.

Kupanda mikoko ni kazi njema. Watu wa Gazi, kule Kwale, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, wameonyesha kijiji kinavyoweza kulinda msitu wake na kupata fedha za maji na shule. Hata hivyo, mche wa Kipini unahitaji mto nyuma yake.

Najua mtu atauliza: unatuombea mafuriko, wewe? Baada ya Novemba 2023 na Mei 2024, baada ya nyumba kuzama na watu kulala barabarani? Swali hilo ni la haki. Mafuriko yale yalikuja kwa kishindo, kwa mvua kubwa, na mwaka 2024 mabwawa yakiwa yamejaa. Ninachokitaka ni maji yanayoachiliwa kwa kiasi, katika msimu wake, yakitangazwa mapema redioni na misikitini, ili mwenye mifugo aihamishe na mwenye shamba la ukingoni avune.

Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba ya maji ambayo lazima ibaki mtoni kwa mahitaji ya binadamu na ya viumbe wa majini. Sasa serikali ina mpango wa bwawa jingine kwenye mto huu, High Grand Falls, kubwa kuliko Masinga. Kabla jiwe halijawekwa, tuulize maji ya delta yatakuwa kiasi gani, na kama bwawa litakuwa na milango ya chini ya kupitisha tope. Vikao vya maoni vifanyike Masalani na Kipini, kwa lugha tunazozungumza. Wawakilishi wetu wa wadi, na wenzao wa Tana River na Lamu, waandike barua moja kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Na sisi wenyewe tuache kukata mikuyu na mikindu ya ukingoni. Kuacha huko hakuhitaji kibali cha Nairobi.