Motokaa ya Kupendeza na Motokaa ya Kufikisha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kasulu)



Neno tulilopewa kulisema ni hili: mtumishi mwenye mshahara wa mwezi, akitaka kununua motokaa, atazame nini kwanza? Raha ya kuiendesha, au uthabiti wake na gharama zake?

Hatukuja kuidharau raha. Mtu aliyeketi mchana kutwa mbele ya majalada, akashika usukani jioni na kupanda vilima vya Heru Juu, motokaa ikamtii katika kila kona, hupata burudani ya haki. Tena dereva aipendaye motokaa yake huiosha, huisikiliza sauti yake, na hutambua ubovu mapema. Basi raha ina faida zake.

Lakini yatupasa kuungama kosa letu. Motokaa yetu ya kwanza tuliichagua kwa macho na masikio. Ilikuwa ya chini, yenye magurudumu mapana, na mashine yake ilisukumiwa hewa kwa nguvu. Penye lami ilikwenda kama mshale. Masika ya kwanza tulikuwa tukimpeleka mama yetu hospitali kutoka kijijini. Tumbo la motokaa likagonga tuta la katikati ya njia, chombo cha oili kikapasuka, naye mama akamaliza safari juu ya baiskeli ya kusukumwa. Alipona, namshukuru Mungu sisi sote. Hakutulaumu hata kidogo, na kule kutolaumiwa kulituuma kuliko lawama. Kipuri kiliagizwa Dar es Salaam. Kilichokuja sicho, kikarudishwa. Mwezi na nusu motokaa ilikaa juu ya magogo, na mkopo wake ukakatwa mshaharani vile vile.

Kwa hiyo tumejifunza kupima mambo manne.

La kwanza ni njia. Ni kweli, ujenzi wa lami katika barabara kuu itokayo Kabingo, kupita Kibondo na Kasulu hata Manyovu, umerahisisha mengi. Lakini nyumbani kwa wengi wetu si barabarani. Ukiacha lami wakuta udongo mwekundu, ambao kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi. Ipime motokaa kwa njia mbaya kuliko zote utakazopita.

La pili ni fundi na vipuri. Kabla ya kununua, nenda kwa fundi wa mjini kwako, umwulize ni motokaa zipi azijuazo na vipuri vyake vyapatikana wapi. Toyota Probox, iliyoanza kuundwa mwaka 2002, haisifiwi kwa uzuri. Lakini imeenea sana nchini, na kitu kilichoenea hakikosi fundi.

La tatu ni mafuta. Chukueni kalamu, sisi ni makarani. Mtu aendaye kilomita 12,000 kwa mwaka, motokaa yake ikienda kilomita 15 kwa lita, atanunua lita 800. Ikienda kilomita 8 tu kwa lita, atanunua lita 1,500. Tofauti ni lita 700 kila mwaka. Zidisheni kwa bei ya lita mnayoilipa, kisha mkaulize nyumbani kama fedha hizo hazina kazi nyingine.

La nne ni ushuru. Motokaa iliyotumika ng'ambo hutozwa kwa kufuata ukubwa wa mashine yake, na ikiwa ya umri mkubwa huongezewa tena. Bei ya kule Japani si bei ya hapa. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi.

Labda mtu atasema kwamba hizi ni hesabu za waoga. Na tuwatazame mashujaa wa mwendo wenyewe. Mwaka 1963, katika mashindano ya East African Safari, motokaa 84 zilianza safari, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Iliyoshinda ni Peugeot 404, motokaa ya kawaida ya watu wa nyumbani, iliyoendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Penye matope, mshindi hutafutwa miongoni mwa waliofika.

Basi shauri letu si kuitupa raha, bali kuipa zamu yake. Kwanza zichuje motokaa zote kwa njia, fundi, mafuta na ushuru. Zitakazobaki, huenda mbili au tatu, hapo ndipo uulize moyo wako. Ziendeshe zote, ukachague ile inayokufurahisha. Lakini moyo ukiulizwa kwanza, hesabu huja kuulizwa ukiwa umeketi kando ya njia.

Motokaa tuliyo nayo leo haimgeuzi mtu shingo sokoni. Ni ya juu kidogo, haina haraka, nasi tumekwisha kuizoea hata kuipenda. Mama huipanda bila kuuliza kama tutafika.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Twangoja maswali yenu.