Kumtumikia Makamu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya utumishi wa umma, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilisha tangu nitoke Chuo Kikuu. Sikupenda kuwachosha kwa habari za masijala na majalada ya ofisini kwangu. Nimechagua cheo kimoja cha nchi ya mbali, Marekani, ambacho hakizungumzwi sana, lakini ndani yake mna swali linalomhusu kila atakayeajiriwa: je, mtumishi anapaswa kumpa mkubwa wake kitu gani hasa?

Cheo hicho ni cha Mkuu wa Watumishi wa Makamu wa Rais. Asije mtu akadhani ni mnadhimu mkuu wa jeshi, ingawa kwa Kiingereza majina yao yanafanana. Huyu hana askari hata mmoja. Hapigiwi kura na wananchi, wala hathibitishwi na Seneti. Huteuliwa na Makamu mwenyewe, na Makamu akiondoka naye hufunga virago.

Ili tuielewe kazi yake, hatuna budi kwanza kumtazama anayemtumikia. Katiba ya Marekani imempa Makamu wa Rais kazi chache mno. Yeye ni mwenyekiti wa Seneti, lakini hapigi kura ila pale kura zinapolingana. Zaidi ya hapo, hukaa tayari kushika nafasi ya Rais ikiwa wazi. Mengine karibu yote ni hiari ya Rais: akipenda humshirikisha, asipopenda humwacha nje.

Hatari ya kumwacha nje ilionekana mwaka 1945. Harry Truman alikuwa amekaa katika umakamu siku 82 tu Rais Roosevelt alipofariki, tarehe 12 Aprili, vita kuu ikiwa bado inaendelea. Ni baada ya kuapishwa ndipo Truman alipoelezwa habari za bomu la atomiki. Mtu ambaye angeweza kuachiwa nchi wakati wowote hakuwa amefunuliwa siri kubwa kuliko zote za vita ile.

Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa Walter Mondale, Makamu wa Rais Jimmy Carter tangu 1977 hadi 1981. Desemba 1976, kabla hawajaapishwa, Mondale alimwandikia Carter waraka kueleza jinsi alivyotaka kutumika: awe mshauri wa mambo yote, aone karatasi anazoziona Rais, na aweze kumfikia Rais bila kuzuiwa. Carter alikubali. Akampa ofisi katika upande wa magharibi wa Ikulu, hatua chache kutoka kwake, na kila wiki wakawa wanakula chakula cha mchana pamoja. Mkuu wa Watumishi wa Mondale, Richard Moe, aliingizwa pia katika kundi la wasaidizi wakuu wa Rais. Tangu hapo cheo hiki kikapata uzito.

Kazi yenyewe, kwa kifupi, ni hii. Yeye ndiye hupanga siku ya Makamu: nani aingie, nani angoje, safari ipi ifanywe na ipi iachwe. Husimamia washauri, waandishi wa hotuba na wanasheria wa ofisi ile. Huhakikisha kwamba dokezo linalompita Rais limempita na Makamu. Aidha, hulinda mkubwa wake asije akasema jambo linalopingana na la Rais. Kazi hii inahitaji mtu mwangalifu, maana anamtumikia mmoja aliye chini ya mwingine, na wasaidizi wa yule wa juu hawakosi kumtilia shaka. Anayeiweza huaminiwa na mambo makubwa zaidi: Ron Klain aliwatumikia hivyo Makamu Al Gore na Makamu Joe Biden, na Biden alipokuwa Rais mwaka 2021 akamfanya Mkuu wa Watumishi wa Ikulu nzima.

Sasa nije kwenye lile swali. Nitawatajia watu wawili.

Wa kwanza ni Lewis Libby, aliyemtumikia Makamu Dick Cheney tangu 2001 hadi 2005. Alikuwa mtu mwenye nguvu sana, maana pamoja na cheo hiki alikuwa mshauri wa usalama wa Makamu na msaidizi wa Rais pia. Ulifanywa uchunguzi kujua ni nani aliyewapa waandishi wa habari jina la ofisa wa siri wa shirika la ujasusi, CIA. Machi 2007 Libby alitiwa hatiani kwa makosa manne: kuzuia haki, kuwadanganya wapelelezi, na mawili ya kusema uongo chini ya kiapo. Alihukumiwa kifungo cha miezi 30. Rais Bush alimfutia kifungo hicho, na mwaka 2018 Rais Trump alimpa msamaha. Lakini angalieni jambo moja, vijana: hakushtakiwa kwa kutoa jina lile. Alishtakiwa kwa majibu aliyoyatoa alipoulizwa.

Wa pili ni Marc Short, aliyemtumikia Makamu Mike Pence. Kabla ya hapo alikuwa amemtumikia Rais Trump mwenyewe, akishughulikia mambo ya Kongresi. Mwanzoni mwa Januari 2021 Rais alimshinikiza Makamu azikatae baadhi ya kura za majimbo zitakapohesabiwa katika Kongresi. Pence aliona kwamba Katiba haikumpa uwezo huo, na Short akasimama naye. Tarehe 5 Januari Short alimwita mkuu wa walinzi wa Makamu akamtahadharisha kwamba Rais angemgeukia Makamu hadharani, na kwamba jambo hilo laweza kuleta hatari. Kesho yake umati ulivamia jengo la Kongresi, wengine wakipiga kelele kwamba Pence anyongwe. Kazi ya kuhesabu kura ilimalizika alfajiri ya tarehe 7.

Ndugu zangu, wako wanaoishi kwa msemo wa mtumikie kafiri upate mradi wako. Msemo huo haufai katika ofisi ya umma. Mkubwa anastahili bidii yetu, siri zake za halali na heshima yetu. Hastahili uongo wetu. Mtumishi anayesema uongo ili kuilinda ofisi huiongezea ofisi hiyo kesi ya pili.

Nanyi vijana, wengi wenu hamtaingia Ikulu yoyote. Mtakuwa makarani, waganga, wahasibu, maofisa wa wilaya. Hata hivyo siku moja mtaletewa karatasi ya kutia sahihi ambayo mnajua si sawa. Siku hiyo msimtukane mkubwa, wala msimkimbie. Mwambieni ukweli faraghani, mapema, na kwa maandishi kwenye jalada.

Tulifundishwa hapa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini yako mambo ambayo mkuu asipoyasikia kutoka kwa mdogo wake, huvunjika yeye, na wananchi pamoja naye.