Fedha za Halmashauri Hutoka Wapi?

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na kalamu yake, maana leo tutapiga hesabu.

Tazama darasa ulimo. Chaki imenunuliwa. Bati limepigiliwa. Njia ya kwenda zahanati imefyekwa. Nani amelipa? Sehemu kubwa ya fedha za halmashauri zetu za Tanzania hutoka serikali kuu. Nyingine hutakiwa zipatikane hapo hapo wilayani, na hapo ndipo penye kazi.

Mtu wa mshahara hukatwa kodi kabla hajazishika fedha zake. Lakini mkulima hana mshahara. Yeye huona fedha wakati wa mavuno, na daftari la mauzo hana. Je, atozwe kiasi gani, na kwa kipimo gani?

Njia ya zamani ilikuwa kuhesabu nyumba au vichwa. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza wakaendelea, wakaongeza kodi ya kichwa. Miaka mingi baada ya uhuru tukawa na kodi ya maendeleo. Katika wilaya nyingi mwenye ng'ombe mia na asiye hata na kuku walilipa sawasawa. Mgambo wakawasaka watu, na watu wakajificha. Kuwasaka nako kulikula fedha. Mwaka 2003 serikali iliifuta kodi hiyo. Wananchi walipumua, lakini halmashauri zilipungukiwa, zikazidi kuitegemea serikali kuu.

Sasa andikeni hesabu hii. Tuseme umeuza magunia 10 ya mahindi, kila gunia shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 600,000. Zamani ushuru wa mazao uliweza kufika asilimia 5, yaani shilingi 30,000. Mwaka 2017 ulipunguzwa: asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Asilimia 2 ya fedha hizo ni shilingi 12,000 tu.

Huenda utasema, "Mimi hainihusu, anayelipa ni mnunuzi." Ndivyo sheria isemavyo. Lakini mnunuzi naye ana akili. Akijua atalipa ushuru, atakupunguzia bei. Basi mzigo huo mnaubeba wote wawili.

Je, kodi ya majengo? Nyumba haikimbii wala haijifichi. Lakini lazima ijulikane ni ya nani na ina thamani gani, na kazi hiyo ni ndefu. Mwaka 2016 kazi ya kutoza kodi hii ilipewa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2021 ikaanza kukatwa katika umeme wa LUKU, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kutoza kukawa rahisi. Hata hivyo mlipaji haonani tena na mtu wa halmashauri yake, wala hajui amwulize nani juu ya mtaro ulioziba.

Ndugu mwanafunzi, kodi ngumu kuliko zote ni ile ambayo watu hawaoni matunda yake. Mtu akilipa bila kupewa stakabadhi, fedha ile huenda isifike. Asipoona faida, mwaka ujao atapita njia ya panya usiku. Halmashauri itapata kidogo zaidi, na zahanati itakosa dawa. Hasara inamrudia yeye na mtoto wake.

Kwa hiyo kusoma kwako ni ngao. Dai stakabadhi. Soma kiasi kilichoandikwa, ukilinganishe na ulichotoa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu: nenda, usikilize mapato na matumizi, na uulize.

Maswali

1. Kwa nini ni vigumu kumtoza mkulima kodi kama mtu wa mshahara?
2. Umeuza magunia 5 ya mahindi kwa shilingi 70,000 kila moja. Ushuru wa asilimia 2 ni shilingi ngapi?
3. Andika swali moja utakalouliza katika mkutano wa kijiji chako.