Mazungumzo Yaanzie Nyumbani



Mwaka 2013 Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo kijana anasoma Kichina palepale Mlimani. Mimi sina ugomvi na hilo. Lugha ni mtaji, na Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi.

Lakini jamani, tujiulize. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku, na katazo likadumu hadi Januari 2023. Ibara ya 20, ya uhuru wa kukutana, ikabaki pambo. Yaani mgeni alikuwa na ukumbi wa kuzungumza na sisi, ila sisi kwa sisi hatukuwa hata na uwanja! Hapo tulikuwa tunabadilishana nini?

Ombi langu: vituo hivi viingieni, someni, ulizeni maswali magumu. Na kila serikali inapokata utepe wa kituo cha wageni, tuikumbushe wenyeji nao wanataka uwanja, kipaza sauti, na polisi wa kutulinda, sio wa kututawanya.