Odili na Fedha za Chama



Riwaya ya Chinua Achebe, *A Man of the People*, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama *Mwakilishi wa Watu*, haihitaji utangulizi katika ukumbi huu. Kwamba ilitoka Januari 1966, mwezi uleule wa mapinduzi ya kijeshi Nigeria, kumesemwa hadi kumechosha. Kilichonisimamisha hapa ni hukumu ninayokutana nayo katika tasnifu baada ya tasnifu: kwamba Odili Samalu hafai kuitwa shujaa kwa sababu aliingia siasa kutafuta kisasi. Waziri Nanga alimkaribisha nyumbani kwake, kisha akalala na Elsie, mpenzi wa mgeni wake. Odili akakimbilia chama cha rafiki yake Max na kuazimia kumpokonya Nanga Edna, binti aliyekuwa akiandaliwa kuwa mke wa pili. Nia ilikuwa chafu, wanasema, basi na mapambano yake ni machafu.

Hoja hii haisimami. Mkulima aliyeporwa shamba akidai sheria ya ardhi, tumwambie anyamaze mpaka aporwe jirani? Isitoshe, alichotendewa Odili usiku ule ndicho Nanga anachoitendea nchi nzima: anachukua cha mtu kwa kuwa nyumba ni yake. Na kipimo cha nia kinawaumbua wenyewe wanaokitumia. Max, mwenye itikadi, alipokea pauni 1,000 za mpinzani wake, Chifu Koko, ili ajitoe kwenye uchaguzi, akaziingiza kwenye kampeni. Odili, mwenye wivu, alizikataa pauni 250 za Nanga, tena akamlaumu Max kwa kupokea. Wivu wake haukumzuia kuijua haki.

Nilipokuwa sekondari, uongozi wa shule ulikifunga chama chetu cha mdahalo. Wiki iliyofuata mweka hazina alionekana na viatu vipya. Tulipomuuliza, alijibu, bila haya, kwamba chama hakipo tena. Tangu siku hiyo sijaweza kuusoma ukurasa wa mwisho wa Achebe kwa utulivu.

Lakini kabla ya ukurasa huo, turudi kijijini Anata, kwenye kisa ninachokiona kuwa kitovu cha riwaya yote. Josiah, mwenye duka, anaiba fimbo ya kipofu ombaomba ili aitengenezee dawa ya kuwapofusha wateja. Hakuna anayekwenda polisi, na nia yake wanaitaja waziwazi bila kukaa kuipima. Watu wanaacha tu kununua kwake, na duka linakufa. Baadaye Josiah huyohuyo ndiye anayemtambua Odili aliyejificha katika mkutano wa Nanga, na Odili anapigwa hadi kulazwa hospitalini. Achebe anampa mwizi wa fimbo kazi ya kumfichua shujaa, nami siamini kwamba ni bahati nasibu.

Sasa mwisho wenyewe. Max ameuawa, jeshi limetwaa nchi na vyama vimepigwa marufuku. Baba yake Edna anataka Nanga arudishiwe mahari yake ili Odili amwoe Edna. Odili anaamua kimyakimya kukopa kutoka fedha za chama zilizobaki mkononi mwake, kwa kuwa hazitahitajika karibuni. Watetezi wake watasema: angemrudishia nani? Swali hilo lina uzito kidogo, nakubali. Lakini waliochanga hawakufutwa pamoja na chama, na mkopo ambao mkopeshaji hajui una jina lake. Kipofu wa Anata naye hakuwa na ofisi, ila fimbo ilikuwa yake.

Kwa hiyo simhukumu Odili kwa Elsie wala kwa Edna. Shujaa wa riwaya ya kisiasa apimwe kwa mali ya watu iliyopita mikononi mwake. Moyo wake ni shauri lake. Mwanafunzi atakayeniletea tena tasnifu juu ya wivu wa Odili, nitamrudishia. Aanze na mahari ile: ilitoka katika mfuko gani, na nani aliidhinisha.