Kura Isiyo na Dalali

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Kariakoo, Dar es Salaam, katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu)



Nimeombwa niseme juu ya kumchagua mkuu wa nchi kwa kura ya wananchi wote. Lakini nilipofika mlangoni wanachama wawili walinisimamisha wakaniuliza: mbona Rais huchaguliwa na kila mwenye haki ya kupiga kura, na Mwenyekiti wa Chama Kikuu chetu huchaguliwa na wajumbe tu? Swali hilo ni jema, nami nitalirudia kabla sijaketi.

Sote twamjua dalali. Uletapo magunia yako hapa Kariakoo hukutani na mlaji. Wakutana na dalali, naye ndiye akutanaye na mnunuzi. Wajumbe wa uchaguzi, ijapokuwa ni watu waaminifu, wanasimama mahali pale pale. Kura ya moja kwa moja haina mtu wa kati.

Haki hiyo haikuwako tangu zamani. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au cheo kilichokubaliwa. Tena alilazimishwa kumpigia Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ni wakulima wangapi waliopata paundi 150? Hata baada ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Waziri Mkuu alitokana na wingi wa viti katika Bunge, na juu yake alikaa Gavana Mkuu kwa jina la Malkia, ambaye hakuna mwananchi aliyempigia kura.

Ndipo tarehe 1 Novemba 1962 watu wa Tanganyika wakamchagua Rais wao wa kwanza. Wagombea walikuwa wawili: Mwalimu Julius Nyerere wa TANU, ambayo makao yake yalikuwa karibu na hapa, New Street, iitwayo sasa Lumumba, na Bwana Zuberi Mtemvu wa African National Congress, aliyejitenga na TANU mwaka 1958. Mwalimu alipata kura 1,127,978, Bwana Mtemvu 21,276, yaani mtu 1 katika kila 54. Wako wanaozicheka kura hizo. Mimi sizicheki, kwani pasipo yule wa pili, wananchi wangeitwa kuja kuitikia tu. Na kuitikia ndiko kulikofuata: tangu 1965 hadi 1990 palikuwa na jina moja, na jibu la Ndiyo au Hapana.

Hata hivyo tuliwatangulia jirani. Uganda Rais wa kwanza, Kabaka Mutesa, alichaguliwa na Bunge mwaka 1963, na raia hawakumchagua Rais wenyewe mpaka 1996. Kenya, Mzee Kenyatta alipata urais mwaka 1964 kwa badiliko la Katiba.

Ushindani uliporudi, tarehe 29 Oktoba 1995, ni mji huu uliojikwaa. Vifaa vya kupigia kura vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa, Tume ikafuta uchaguzi wa majimbo yote 7 ya Dar es Salaam. Ulirudiwa tarehe 19 Novemba, na nchi nzima ikangoja wiki 3 kabla ya kutangaziwa kwamba Bwana Benjamin Mkapa ameshinda kwa asilimia 61.8. Mwaka 1958 mkulima alinyimwa kura kwa sheria; mwaka 1995 mtu wa Kariakoo aliikosa siku ile kwa sababu karatasi haikufika.

Mkulima anajua jambo hili kuliko wanasheria. Bei yaweza kuwa nzuri, na mizani ikamwibia. Kura za Rais huhesabiwa kituoni, mawakala wakitazama, na hilo ni jema. Lakini Katiba yetu, ibara ya 41(7), yasema kwamba Tume ikisha kumtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais mwaka 2017, ukarudiwa. Kwetu, mkulima aliyepunjwa kilo 2 za korosho ana mahali pa kushtaki. Anayedhani amepunjwa Rais hana. Kwa maoni yangu hilo halina haki, na ningelisema hata kama aliyeshinda ni yule niliyempigia mimi.

Sasa narudi kwa wale wawili wa mlangoni. Ikiwa hoja ya kumchagua Mwenyekiti kwa kura ya kila mwanachama italetwa mbele ya Mkutano Mkuu, mimi nitainua mkono kuikubali. Ila nitaomba iandikwe katika masharti ya Chama kwamba daftari la wanachama lisomwe hadharani mwezi mmoja kabla; kwamba kura zihesabiwe palepale kwenye chama cha msingi, mbele ya waliozipiga; na kwamba jumla ibandikwe mlangoni kabla karani hajapanda gari kuja mjini.