Maji ya Zizi na Haki ya Jirani



Mwezi Agosti 2014, watu wapatao laki tano wa mji wa Toledo na vitongoji vyake, nchini Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa muda wa siku tatu hivi. Hata kuyachemsha hakukufaa. Ziwa Erie lilikuwa limetanda mwani wenye sumu, uliostawishwa hasa na fosforasi ya mbolea na samadi iliyochukuliwa na mvua kutoka mashambani.

Basi tujiulize: je, aliye juu ya mto ana haki ya kumnywesha jirani uchafu wa zizi lake?

Wataalamu wamebuni njia ya kuyasafisha maji ya mazizi kwa umeme. Bamba la magnesiamu na bamba la chuma huzamishwa majini, kisha umeme hupitishwa. Magnesiamu huyeyuka kidogo kidogo, ikashikamana na fosforasi pamoja na sehemu ya amonia, zikawa chembe ngumu ziitwazo struviti. Chembe hizo hutuama chini, nazo ni mbolea inayoweza kurudishwa shambani.

Lakini umeme una gharama, na bamba likiisha hubadilishwa. Nani alipe? Twaamini kwamba si haki mzigo huo kumwangukia mnywaji. Mwenye mifugo mingi na aubebe. Mfugaji mdogo na asaidiwe. Nasi tusio na mtambo huo, tusiiache samadi yetu isombwe na mvua hadi mtoni. Anayeteka maji huko chini ni ndugu yetu.